Hewa ya Kitale Haina Kosa: Kusasisha na Kutuni Droni

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Nina deni. Muhula wa kwanza nilisimama mbele ya chama chetu kueleza kwa nini droni ya mjomba ilianguka shambani kwa babu, nami nikasema kwa sauti kubwa kwamba hewa ya Kitale ni nyepesi mno na ndiyo iliyoiangusha. Mlinipigia makofi. Mwalimu wa Fizikia aliyekuwa amealikwa siku hiyo hakupiga. Alitikisa kichwa tu, akaandika kitu katika kipande cha karatasi, akanipa mlangoni. Kilikuwa na neno moja: "Ulipima?"

Sikuwa nimepima. Makala haya ni ya kulipa deni hilo, na pia ya kueleza jinsi droni inavyosasishwa na kutuniwa, maana wengi wenu mmeniuliza na nimekuwa nikiwajibu mbiombio kwenye foleni ya chakula.

Nianze na kitu chenyewe. Droni ya mjomba si ile inayotoka dukani ndani ya sanduku ikiwa tayari kuruka. Aliiunda mwenyewe katika kibanda chake cha kutengeneza simu mjini Bungoma. Ina fremu ya kaboni yenye mikono 4, mota 4, rafadha 4 (yale mapangaboi madogo) zenye kipenyo cha inchi 5, betri juu, na katikati kibao cha elektroniki ambacho ukikifumbata mkononi hakionekani. Kibao hicho ndicho ubongo wa droni. Juu yake kuna prosesa, na kando ya prosesa kuna kijidude cheusi kiitwacho jairo, ambacho kazi yake ni kuhisi mzunguko: droni inainama upande gani, na kwa kasi gani.

Kabla hamjaniuliza: hapana, droni si yangu. Kwa kanuni za mwaka 2020 za ndege zisizo na rubani, mwenye droni hapa Kenya sharti awe na umri wa miaka 18 au zaidi, na aisajili kwa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Mimi nina miaka 16. Iliyosajiliwa ni ya mjomba, anayeirusha ni mjomba, na haipiti futi 400 kutoka ardhini wala haikaribii uwanja wa ndege. Ndiyo maana tulikwenda kuirushia kwa babu, upande wa Kwanza, wala si hapa mjini Kitale. Kazi yangu ni tarakilishi, bisibisi na daftari.

Sasa, droni ya aina hii haina bawa wala mkia. Inakaa hewani kwa sababu mota nne zinasukuma hewa chini, basi. Ikitaka kwenda kushoto, mota mbili za kulia huzunguka kwa kasi kuliko za kushoto, mwili ukainama, ikaenda. Rahisi, si ndiyo? Lakini wapi! Mota nne hazilingani kamwe hata zikitoka kiwanda kimoja, betri haikai katikati barabara, na upepo nao hautulii. Mtu akipewa mota hizo azisawazishe kwa mkono, droni itabiringika kabla hajapepesa jicho. Kwa hiyo anayesawazisha ni kibao. Jairo ya kibao chetu husomwa mara 8,000 kwa sekunde moja. Kibao hujiuliza: rubani ametaka nizunguke kiasi gani, na mimi hasa nazunguka kiasi gani? Tofauti kati ya mambo hayo mawili ndiyo kosa. Likionekana kosa, mota huamriwa kulifuta. Droni ikiinamia kushoto bila kuagizwa, mota za kushoto huongezewa nguvu, nayo hurudi sawa. Tafadhali msomaji, shika hapo, kwani aibu yangu yote imejificha katika sentensi hiyo moja.

Kibao hujuaje kufanya hivyo? Kwa programu inayokaa ndani yake, ambayo mafundi huiita famwea. Yetu inaitwa Betaflight, na ukoo wake unachekesha. Mwaka 2010 Mfaransa mmoja alichukua vipima-mwendo vya mchezo wa video wa Nintendo Wii, akaviunganisha na kibao cha Arduino, akaandika programu ya kurushia droni. Ikaitwa MultiWii. Wengine wakaichukua wakaihamishia kwenye prosesa zenye nguvu zaidi. Mwaka 2014 ikazaliwa Cleanflight, na kutoka kwa Cleanflight ikazaliwa Betaflight. Hainunuliwi. Wanaoiandika ni watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, na yeyote anaruhusiwa kuisoma na kuibadilisha. Yaani kitu kinachoruka juu ya mahindi ya babu kilianza kama mchezo wa watoto sebuleni.

Droni ya mjomba ilikuwa na toleo la 3.5, la mwaka 2018. Desemba iliyopita, nilipokuwa nimemaliza kidato cha pili, alikuja kwa babu kwa sikukuu akiwa na nia ya kuweka toleo la 4.5, la mwaka 2024. Sababu yake ilikuwa nzuri. Mota hutikisa fremu, na mtikisiko huo huidanganya jairo ikadhani droni inayumba. Tangu toleo la 4.1 la mwaka 2019, kibao kinaweza kuelezwa na vidhibiti vya mota, vikiwa vya aina inayofaa, kwamba kila mota inazunguka mara ngapi, kisha kikauchuja mtikisiko wa kasi hiyo hiyo na kusikiliza mwendo wa kweli tu.

Tukaketi chini ya mwembe, mahali pekee penye mtandao pale bomani, kwa sababu matoleo ya siku hizi hukusanywa kwenye intaneti kulingana na kibao chako ndipo yashuke kwenye tarakilishi. Simu ya mjomba ikawa ndiyo mnara wetu.

Jambo la kwanza ni kuondoa rafadha zote nne. Hili halina mjadala. Kibao kinachoandikwa upya kinaweza kuwasha mota bila hodi, na rafadha ya inchi 5 hukata kidole kama muwa. Kisha unachomeka waya wa USB bila betri. Waya wenyewe uwe wa kupitisha data. Sisi tulipoteza nusu saa nzima tukilaumu tarakilishi, kumbe tulikuwa tumechomeka waya wa kuchajia simu tu. Halafu unasoma jina kamili la kibao chako, maana famwea ya kibao kimoja haifai kingine hata kama vinafanana kama mapacha. Baada ya hapo unahifadhi mipangilio ya zamani, unabonyeza kitufe kidogo cha kibao huku ukichomeka waya ili kiingie katika hali ya kupokea famwea, unachagua kufuta kila kitu, na unapakia. Upakiaji wenyewe haumalizi hata wimbo mmoja wa redio.

Pale pa kuhifadhi mipangilio ndipo nilipoharibu. Mjomba aliniambia, "Wewe nakili settings zote." Nami, kwa bidii ya mwanafunzi, nikafungua daftari nikanakili nambari za kutuni, kurasa mbili kwa mwandiko mzuri. Nikanakili na za rimoti. Mengine nikaona ni mambo madogo. Nikafuta.

Toleo jipya likaingia salama. Tukajaribu mota moja moja, rafadha zikiwa bado zimetolewa: ya 1 nyuma kulia, ya 2 mbele kulia, ya 3 nyuma kushoto, ya 4 mbele kushoto. Kila moja ikaitika kwa jina lake na kuzunguka upande wake. Rimoti nayo ikaitika. Tukafunga rafadha tukaenda shambani, ambako mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa na kubaki mabua. Nikamwita nyanya aje aone maajabu ya mjukuu wake. Akaja na kigoda chake, akaketi hatua kama tano hivi kutoka kwenye droni. Mimi ndiye niliyemwekea kigoda pale.

Mjomba akasukuma kijiti cha nguvu. Droni haikupaa. Ilijipindua kichwa chini kufumba na kufumbua, ikachimba udongo, mabua yakaruka, rafadha zikavunjika tatu kwa mpigo. Kipande kimoja kikaruka kikanasa kwenye leso ya nyanya, begani. Hakupiga kelele. Alikinyofoa, akakigeuza-geuza, akasema, "Hii nyuki yenu iko na meno." Kisha akainuka na kigoda chake akaingia jikoni. Mimi nilibaki nimesimama, magoti yakinicheza, nikiupima kwa macho umbali kati ya bega na jicho.

Mota moja iliungua. Mjomba alikuna kichwa akasema, "Bungoma inaruka poa, hapa inaanguka. Lazima ni hewa ya huku juu." Jibu hilo lilinipendeza sana, kwa sababu lilikuwa jibu la kisayansi na halikuwa na jina langu ndani. Nikalibeba mpaka shuleni. Mengine mnayajua.

Likizo ya Aprili nikapanda matatu hadi Bungoma, nikapita Kiminini, Kamukuywa na Webuye, ile karatasi ya mwalimu ikiwa mfukoni. Mjomba alikuwa amelehemu mota mpya. (Hapa alinifunza ujanja mmoja wa mafundi: betri inapochomekwa mara ya kwanza baada ya kulehemu, umeme upitishwe kwenye balbu ya indiketa ya gari. Waya zikiwa zimegusana, balbu itawaka wee badala ya kibao kuungua.) Tulipounganisha droni na tarakilishi, katika ukurasa wa kwanza kabisa wa ile programu palikuwa na picha ya droni inayoigiza kila mwendo wa droni halisi. Desemba tuliupita ukurasa huo bila hata kuusalimu. Nikaichukua droni mkononi nikaiinamisha pua mbele. Ile ya kwenye kioo ikainua pua juu. Nikailaza kushoto. Ya kwenye kioo ikalala kulia.

Nilipigwa na butwaa. Mjomba naye alininyang'anya droni akajaribu mwenyewe mara tatu, kisha akaketi. Akakumbuka. Kila kibao kina mshale mdogo unaotakiwa kuelekea mbele. Alipokiunda alikifunga mshale ukiangalia nyuma, kwa kuwa vinginevyo tundu la USB lingezibwa na kamera, na akaiarifu famwea kwa mstari mmoja tu: kibao kimegeuzwa digrii 180. Mstari huo ulikaa humo miaka yote ukifanya kazi yake kimyakimya. Mimi ndiye niliyeufuta Desemba, na katika kurasa zangu mbili za mwandiko mzuri haukuwamo.

Sasa rudi kwenye ile sentensi niliyokuambia uishike. Droni inaondoka chini, inainama kushoto kidogo kama kawaida. Jairo, ikidhani imekaa sawa, inaripoti kwamba droni inainamia kulia. Kibao kinatii: kinaongeza nguvu kulia. Basi droni inazidi kwenda kushoto, jairo inazidi kulalamika kulia, nguvu inazidi kuongezwa, na mara 8,000 kwa sekunde unajua mwisho wake. Ni kama kondakta aliyeketi amegeukia nyuma, anampigia dereva kelele "kata kulia!" akimaanisha kulia kwake yeye. Na kwa nini jaribio la mota halikutuonya? Kwa sababu mota zikijaribiwa moja moja jairo haiulizwi chochote. Tulipima viungo tusipime macho.

Siku hizi sinakili kwa kalamu. Kuna amri ya kuandika, diff all, ambayo hutoa kila mstari uliobadilishwa kutoka hali ya kiwandani, nawe ukauhifadhi wote kama faili. Lakini faili hiyo usiimwage nzima katika toleo jipya. Isome mstari kwa mstari na urudishe unaouelewa, kwa maana baadhi ya majina hubadilika, na nambari za kutuni za toleo la 3.5 hazina uzito ule ule katika 4.5. Kwa hiyo hata zile kurasa zangu mbili zilikuwa kazi ya bure.

Tukafika kwenye kutuni. Wanamuziki hutuni gita. Sisi hutuni nambari tatu, P, I na D. Hazikubuniwa kwa ajili ya droni. Mwaka 1922 mhandisi Nicolas Minorsky aliandika juu ya kuongoza meli kwa mashine, baada ya kutazama jinsi mshika usukani anavyofanya. Aliona kwamba mtu huyo hatazami kosa la sasa peke yake; anakumbuka pia kosa lililojilimbikiza, na anaangalia linaongezeka au kupungua kwa kasi gani. Jaribio lilifanywa kwenye manowari ya Marekani, USS New Mexico.

Mimi naona ni rahisi zaidi kumtazama mwendesha baiskeli wa Bungoma aliyebeba gunia nyuma. Gunia likilalia kushoto, anasukuma kulia kadiri lilivyolala: likilala kidogo anasukuma kidogo, likilala sana anasukuma sana. Hiyo ni P. Ikiwa ndogo, droni ni legevu, unaiambia geuka inasema kesho. Ikiwa kubwa mno, inasukuma kupita kiasi, inarudi, inapita tena, na unaisikia ikitetemeka kwa sauti kama mbu. I ni kumbukumbu. Upepo ukivuma upande mmoja njia nzima, mwendesha baiskeli hukoma kushangaa akajifunza kuegemea upande huo; vivyo hivyo betri ikikaa nyuma kidogo, I ndiyo inayoizoea. D ni kama shoki ya matatu. Springi peke yake ingekurusha-rusha mpaka Malaba. Shoki huuzuia mwendo usizidi. Lakini D husikia kila mtikisiko mdogo, na ikizidishwa huwachosha mota kwa amri za bure mpaka ziungue.

Tulikwenda uwanja wa wazi kando ya mashamba ya miwa, upande wa Bukembe, asubuhi kabla ya upepo. Rafadha mpya, kwa kuwa rafadha iliyopinda au skrubu iliyolegea hutikisa droni kiasi kwamba hakuna nambari itakayoiponya, na watu wengi hutuni wiki nzima kitu kilichohitaji bisibisi. Tuliruka nusu dakika, tukatua, tukashika mota. Zikivumilika kwa kidole, tunaendelea; zikikataa kidole, D inashushwa. Tulipandisha P kidogo kidogo hadi ikaanza kutetemeka inaposimamishwa ghafla, kisha tukarudi nyuma hatua moja. Nambari moja kwa safari moja, na kila safari mstari mmoja daftarini. Betri tatu zilikwisha. Safari nyingi hazikuonyesha tofauti yoyote, nami nakiri nilichoka. Ila ile ya kumi na moja mjomba aliisimamisha hewani, akaachilia vijiti, ikatulia juu ya miwa kama imetundikwa kwa uzi.

Na hewa ya Kitale je? Nilifanya hesabu, na Mwalimu akanisahihishia. Kitale iko kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma kiasi cha mita 1,400. Kwa vipimo vya wastani, uzito wa hewa ya Kitale ni karibu asilimia 83 ya ile ya ufuo wa Mombasa, na ya Bungoma karibu asilimia 87. Kwa hiyo ni kweli hewa yetu ni nyepesi. Lakini ili kubeba mzigo ule ule, rafadha inahitaji kuzunguka haraka zaidi kwa asilimia mbili na nusu tu hivi. Betri inayodumu dakika 6 Bungoma ingepoteza kama sekunde 10 ikija huku. Sekunde 10! Hiyo ndiyo hewa niliyoisingizia kwamba ilipindua droni na kumrushia nyanya kipande cha rafadha.

Agosti mjomba alikuja tena kwa babu. Nambari za Bukembe hatukuzigusa. Niliweka vijiti viwili ardhini hatua thelathini kutoka kwenye droni, nikaomba kila mtu akae nyuma yake, hata babu. Nyanya alikataa kutoka. Alisimama mlangoni mwa jikoni, leso ameikaza kifuani, akaniona nikiunganisha tarakilishi bila rafadha, nikiinamisha droni mbele, nyuma, kushoto, kulia, huku nikitazama kioo. Droni ilipaa, ikasimama juu ya mahindi mabichi, ikazunguka boma mara mbili, ikatua mbele ya babu.

Tangu siku hiyo, mjomba akifungua tu mfuko wake, nyanya huuliza kutoka jikoni, "Mmeipindua kwanza na mkono?"